Kinachoita Mara Moja

Siku Evon alipopotea, ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito tangu asubuhi, na Olinka alikuwa amekaa juu ya ubao wa uzio akihesabu samoni.

Uzio ulikiziba kijito kutoka ukingo hadi ukingo, fito zake za chuma zimesimama kama meno ya kitana, na katikati palikuwa na mlango mmoja mdogo. Samaki aliyepanda kwenda kutaga alipita hapo, naye Olinka akabonyeza kidude chake cha kuhesabia. Hiyo ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya kila kiangazi, yeye na Evon, mtoto wa mjomba wake. Olinka alihesabu walio hai. Evon alipanda juu kutafuta waliokwisha kutaga wakafa, akawapasua vichwa na kutoa vijiwe vya masikioni, ambavyo watu wa ofisini huvitazama wakajua umri wa samaki.

"Chukua bunduki," Olinka alimwambia asubuhi hiyo.

Evon alikuwa akijivuta ndani ya suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani. "Ya nini? Yule mama dubu anakupenda wewe. Kila siku yuko hapa uzioni ananyemelea samaki wako. Mimi nina domo langu."

"Domo halina risasi."

"Ndiyo maana haziishi." Akachukua ndoo na kisu. "Na usisinzie, bibi mkubwa. Akipita mmoja hujamhesabu, watasema tumemkaanga."

Akaingia vichakani akisema kwa sauti, kama walivyolelewa kusema, kwa heshima, maana dubu husikia maneno ya watu hata akiwa mbali. "Babu, napita tu. Mimi maskini wako, mifupa mitupu, hata hutashiba." Olinka alicheka peke yake. Sauti ikaliwa na ukungu.

Mchana akasikia jina lake.

"Olinka!"

Mara moja. Wala haikutoka juu, kwenye kona ya mbali alikokwenda Evon. Ilitoka karibu, upande wa kushoto, kwenye mkondo wa zamani ambako maji yametulia meusi chini ya matawi.

Alifungua kinywa aitike, kisha akakifunga. Bibi yao aliwalea wote wawili katika nyumba moja, na neno hili aliwaambia mpaka wakalichoka: mtu akikuita, atakuita tena. Kinachoita mara moja ukunguni si mtu, na ukikiitika kinakuchukua. Evon alilijua neno hilo kama jina lake. Angekuwa Evon, angeita tena.

Akasubiri. Maji yalipita kati ya fito. Halafu kitu kizito kikavunja matawi upande ule ule, mara mbili, tatu, kikanyamaza. Olinka aliikumbatia bunduki hadi vidole vikafa ganzi. Samoni walipita mlangoni chini ya miguu yake, wekundu, wengi, na hakumhesabu hata mmoja.

Chai ilipoa, samaki mkavu aliyemkatia Evon akabaki kwenye sahani. Jua la kule huchelewa kuzama, na lilipoanza kushuka akaiwasha redio, akaita kijijini.

Mashua zilifika na mjomba Gusty, baba yake Evon, na wanaume wengine. "Alikwenda upande gani?"

"Kwenye kona ya juu, mjomba."

"Hukusikia kitu?"

"Mto tu."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Kama angesema amesikia, basi ile ilikuwa sauti ya Evon. Asiposema, ilikuwa kitu tu cha ukunguni.

Wakaenda kumtafuta juu. Helikopta nayo ikaja, ikazunguka kona ile, ikarudi. Olinka aliachwa na uzio, na hapo hofu yake ikapata makao. Kila kinachofia juu huletwa na maji mpaka kwenye fito. Kila asubuhi ilimbidi apite juu ya ubao na mti mrefu kuondoa mizoga ya samoni iliyolala pale, myeupe, imeoza macho. Aliigusa mmoja mmoja kwa ncha ya mti, ameukaza uso. Gogo lilimtia kiwewe. Magugu yaliyofungamana yakimjia polepole yalimfanya apige magoti.

"Uzio usiguswe," mjomba Gusty aliwaambia watu. "Akiletwa na maji, utamzuia. Ukitolewa atapita aende Kuskokwim, na kutoka huko ni bahari."

Asubuhi moja Olinka aliona kitu cha bluu kwenye fito. Ulikuwa mkono mmoja wa glavu za Evon. Alisimama anautazama, mti umemlegea. Maji ya kona ya juu hugonga uzio upande wa kulia. Upande wa kushoto hupokea maji ya mkondo wa zamani peke yake. Glavu ilikuwa kushoto.

Akaitia mfukoni.

Alasiri Agafia, dada yake Evon, alikuja na mashua ya mumewe, tumbo limetangulia. Alileta biskuti ngumu na siagi. Hawakula.

"Watu wananiuliza nitamwita nani mtoto," Agafia alisema. "Nawajibu kaka yangu hajafa, jina lake bado lina mwenyewe." Akamgeukia. "Oli, ninawadanganya?"

Olinka alihisi glavu ikiloanisha paja lake. Akainuka, akashuka hadi mashuani alipokuwa mjomba Gusty ameifungua injini, mikono yake myeusi kwa mafuta.

"Mjomba. Aliniita. Kutoka mkondo wa zamani." Akamnyooshea glavu. "Mara moja tu. Sikuitika."

Gusty aliipokea. Aliikamua maji taratibu, kama mtu anayekamua soksi ya mtoto.

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Mama yangu ndiye aliyekufundisha," Gusty alisema. "Mimi alinifundisha kabla yako. Nisingeitika."

Walimkuta Evon kwenye mkondo wa zamani, chini ya ukingo uliobomoka, mguu umenaswa kwenye mizizi, suruali ya mpira imejaa maji hadi kifuani. Hapakuwa na alama ya jino la dubu mwilini mwake. Ndoo yake ilikuwa juu ukingoni, vichwa vya samoni vimelambwa. Alikuwa anarudi nyumbani kwa njia ya mkato.

"Maji haya ni baridi," Gusty alisema walipomlaza mashuani. Alisema akiutazama mto, si mtu. "Hayampi mtu nafasi ya kuita mara mbili."

Uzio ulitolewa siku ile ile.

Mtoto wa Agafia alizaliwa barafu ikiwa nene, akapewa jina la Evon, maana kwao aliyekufa hurudi katika jina lake. Olinka humwita kaka, na Gusty humwekea kipande laini cha samaki ingawa hana meno.

Kiangazi hiki uzio umerudi kijitoni. Olinka anahesabu. Agafia yuko naye badala ya kaka yake, na mtoto hulala hemani, hatua chache kutoka majini. Akilia mara moja, Olinka anaitika.