Arnika Haitaki Kubembelezwa

Mzee Samadi hakupewa jina hilo kwa sababu ya kunuka, ingawa wajukuu zake walikuwa na maoni yao. Alipewa kwa sababu hakuna mmea uliopata kumkatalia. Mabiringanya yake yalinenepa kama mashemeji waliosahau kurudi kwao, na hata kigingi alichofungia mbwa kilichipua majani. Mbinu yake ilikuwa moja tu, kulisha: samadi asubuhi, jivu la jikoni jioni, na maneno matamu katikati.

Mkewe alikuwa mkandaji wa watu walioteguka na kuvilia damu. Alichulia mafuta yaliyolowekwa maua ya arnika, mmea wa mlimani, ndugu mdogo wa alizeti, wenye ua la manjano lililotimka kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Wateja waliyafuata mafuta hayo, si vidole vyake, ambavyo viliumiza kuliko ajali yenyewe. Sasa mlima ulikuwa umefungwa kwa wachumaji. Akaleta nyumbani miche aliyoing'oa kabla haujafungwa, akamkabidhi mumewe.

"Hii ndiyo kazi yangu yote," alimwambia. "Ikifa, nafunga chumba cha kukandia."

"Mama watoto, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana naogopa."

Mzee aliilaza miche katika samadi iliyoiva vizuri, akainyunyizia jivu. Ikageuka manjano. Akaongeza samadi, maana mgonjwa hulishwa. Ikaanza kuoza kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, hata ikabaki miwili tu.

"Umeivimbisha tumbo!" mkewe alifoka. "Kule juu nani huiandalia chakula?"

Swali lile lilimkera. Kesho yake akapanda mlima, magoti yakimtukana njia nzima. Akaikuta arnika imestawi juani, katika udongo mwembamba, mchachu, wenye mawe, isiyotunzwa na mtu yeyote. Alihisi kama mume aliyemkuta mkewe akicheka na jirani.

Aliporudi aliing'oa miche ile miwili kutoka katika karamu yake. Akachanganya mchanga na majani ya msonobari yaliyooza, akaipanda juani. Jivu akalipiga marufuku, kwa kuwa huondoa uchachu wa udongo. Maji ya kisima, yaliyojaa chokaa, akayaacha pia, akakinga ya mvua. Kisha ikaja kazi iliyomshinda nguvu: kutofanya kitu.

Mwaka mzima mimea ilijilaza chini kama chapati zilizokanyagwa. Mzee aliizunguka mikono ikiwa mgongoni. Siku moja mkewe alichungulia dirishani akamwona amechuchumaa, ngumi imefumbwa.

"Baba watoto, una nini mkononi?"

"Hewa."

"Hewa hainuki hivyo."

Akaimwaga samadi kwenye mabiringanya, akinung'unika kwamba katika nyumba hii huruma imekuwa kosa la jinai.

Mwaka wa pili mabua yalisimama, maua yakafunguka. Safari hii aliyewashwa mikono alikuwa mkewe. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na chumbani mteja mmoja alikuwa akilia kwa sauti ya mbuzi. Akanyoosha mkono kuchuma.

"Ukiyachuma, mbegu tutapata wapi?" mzee aliuliza.

Mkono ukasimama hewani. Mkewe akaurudisha, akaenda kumkanda mteja kwa vidole vitupu, na kilio kikapanda daraja.

Mbegu zilipokauka, mzee alizitawanya juu ya udongo bila kuzifukia, kwa sababu huota zikiona mwanga. Kuziacha uchi namna ile kulimuuma. Usiku alijigeuzageuza kitandani kama aliyesahau kuwafunika watoto. Baridi ikapita. Asubuhi moja kitalu kizima kilikuwa kimejaa vijimea vidogo, vingi kuliko miche ya kwanza.

Mkewe aliviinamia, mkono mdomoni.

"Umevifanya nini?"

"Sikuvifanya kitu," akajibu Mzee Samadi, na tangu azaliwe hakuwahi kujisifia kazi ngumu kama hiyo.