Tumbawe la Mke wa Koki

Ukishona shuka nyeupe za hospitali mwaka nenda mwaka rudi, hufika siku macho yakadai haki yao. Mke wa Koki yalimfika hayo kiwandani, mbele yake rundo la makoti ya madaktari. Aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akamtangazia msimamizi wake kwamba anataka bahari nyumbani kwake, tena yenye rangi. Msimamizi, mama mnene aliyeogopa ajali kuliko kitu chochote duniani, alimshauri anywe maji.

Bahari hiyo alikuwa ameiona kwa daktari wa meno. Pale wagonjwa walipokaa kungoja zamu palikuwa na tangi dogo la kioo, na ndani yake matumbawe ya kijani na zambarau yakipunga vidole majini. Aling'olewa jino siku hiyo na wala hakumbuki maumivu.

Alilipanga tangi lake kama anavyopanga gauni. Alikata kipande cha shuka kuukuu kwa vipimo kamili vya kioo, akakitandaza juu ya kabati la sebuleni, akamkataza mumewe kuweka kitu hapo. Mume akaweka funguo. Akaweka bisibisi. Akaweka kikombe cha chai. Kila alichoweka, mke alikiondoa, mpaka mkono wa bwana ukazoea kwamba pale pana bahari.

Bwana mwenyewe ndiye huyo Koki, fundi bomba, jina alilobatizwa na mtaa mzima. Mikono ya dhahabu, maneno mengi. Plastiki aliichukia kama deni. "Bomba la plastiki ni la wavivu," alikuwa akisema, na hakuna aliyethubutu kumbishia, maana kesho sinki lako litaziba na utamhitaji.

Mwenye duka la samaki wa mapambo alikuwa mwanamke mkali, akihoji wateja kama mama anayeposewa binti.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mumeo ana subira?"

"Hana, lakini ya kwangu inatutosha sote wawili."

Jibu hilo lilimpendeza. Akamtolea taa, hita, pampu, chujio na mpira wake, kipimajoto, kipimo cha chumvi na mfuko wa chumvi maalumu. "Ukitia ya jikoni, umepika supu," alionya. Maji yawe yamechujwa. Chuma cha kushika kutu kisiguse maji. Mawe na mchanga vitangulie, vikae peke yao majuma kadhaa mpaka maji yakomae, ndipo viumbe vifuate.

Basi tangi likakaa na mawe tu, na majirani wakaja kulitazama.

"Samaki wako wapi?"

"Wanakuja."

"Kwa miguu?"

Walicheka, na mshonaji akacheka nao. Alikuwa na raha bwana! Kila akitoka kazini alipima joto, akapima chumvi, akavuta kiti na kuyatazama mawe kama watu wanavyotazama televisheni.

Siku moja alirudi akamkuta Koki amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma, uso unang'aa. Ule mpira wa kupandishia maji kutoka kwenye chujio lililokuwa ndani ya kabati ulikuwa umeondolewa. Mahali pake palipanda bomba la shaba, limepindwa kama shingo ya bata, limesuguliwa hadi unajiona ndani yake.

"Shaba haishiki kutu, bibie," Koki alisema. "Maji ya mke wangu hayapiti kwenye mpira wa kumwagilia bustani."

Mshonaji alimkumbatia mpaka kofia ikamwanguka. Nani asingefurahi?

Maji yalipokomaa alileta konokono, kisha tumbawe lake la kwanza, kichane cha vidole vya kijani kisichozidi kiganja. Jioni ile vidole vilinywea. Kesho yake tumbawe lote lilikuwa limejikunja ngumi, na konokono amelala chali. Alipima joto, sawa. Alipima chumvi, sawa. Akajaza maji ya tangi kwenye chupa, akaenda nayo dukani mbiombio.

Mwenye duka alimsikiliza, hakuitazama hata hiyo chupa. "Kuna shaba humo?"

Mshonaji akamweleza habari za lile bomba.

"Kwa hawa ni sumu, hata chembe. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Litoe leo hii. Na hilo tumbawe lisipofunguka kufikia mwisho wa juma, usilisubiri tena."

Alirudi miguu mizito. Tangu siku ya shaba, Koki alikuwa akileta mafundi wenzake waone kazi yake. Leo pia alikuwa na wawili, anawaonyesha ile shingo ya bata. Mshonaji alingoja waondoke. Alilitaka tumbawe lile kwa moyo wake wote, lakini furaha ya mumewe aliitaka zaidi.

"Nafikiri nitalirudisha tumbawe dukani," alisema. "Halikupazoea hapa."

Koki alimkazia macho. "Wewe? Uliyetazama mawe majuma yote yale? Sema kweli."

Akasema. Koki alizima pampu, akachukua mfuko wake wa kazi, akatoka bila kuaga. Mkewe alilihamishia tumbawe kwenye beseni la maji mapya, kisha akakaa sakafuni akalia, nusu kwa ajili ya tumbawe na nusu kwa ajili ya bwana.

Koki alirejea akinyata. Alichungulia huku na huku ngazini, akafunga mlango, ndipo akafungua koti. Ndani palikuwa na bomba la plastiki, jeupe, refu.

"Muuzaji ameniuliza kama naumwa," alisema.

Kicheko kilichomtoka mkewe kilisikika ghorofa ya juu. Waliyamwaga maji yote, wakatengeneza mengine, yeye akipima chumvi, Koki akifunga mabomba huku akiilaani plastiki kwa sauti ya chini. Konokono alikuwa amekwisha kwenda zake. Tumbawe lilirudishwa kwenye jiwe lake, ngumi vilevile.

Siku zikapita, ngumi. Siku ya mwisho wa juma mshonaji alikwenda kazini bila kulitazama, hakuwa na moyo huo. Alikuwa akikunja pindo la shuka Koki alipotokea mlangoni mwa kiwanda, amevaa mabuti ya maji, anahema.

"Njoo nyumbani. Dharura!"

Akageuka, akatangulia mbio. Msimamizi alinyakua sanduku la huduma ya kwanza na kuwafuata. Njia nzima mshonaji aliona akilini mafuriko, akaona nyaya zinawaka.

Sebuleni sakafu ilikuwa kavu. Juu ya kabati, chini ya taa, tumbawe lilikuwa limefunguka lote. Vidole vya kijani, ncha za waridi, kila kimoja kinacheza na maji. Mshonaji alimpiga Koki ngumi ya mgongo, akamkumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja.

Msimamizi alifika akitweta kwa ngazi, sanduku kifuani. "Majeruhi yuko wapi?"

"Huyo hapo," Koki alisema, akinyoosha kidole kwenye kioo. "Amepona."

Msimamizi alitazama. Akatazama tena. Kisha akavuta kiti, akaketi na sanduku lake mapajani, na hakuna aliyerudi kiwandani kabla ya chakula cha mchana.