Hajarudi, Mama Anaendelea

Deus Halinga alikuwa afisa mipango wa halmashauri, na kazi iliyompa jina kuliko zote ilikuwa kukata. Kila Januari, bajeti ilipozidi ukomo uliotoka juu, idara zilirudishiwa makaratasi yao yakiwa yamejaa mistari ya kalamu nyekundu, na wakuu wa idara wakawa wanapita mbele ya mlango wake wakijifanya hawamwoni. Hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Ihanda katika familia ya wakulima wa kahawa, akakua akimtazama baba yake akipogoa mibuni bila huruma ili izae, na moyoni aliamini kuwa bajeti nayo ni vivyo hivyo.

Mwaka ule mstari wake uliangukia kwenye vikao vya wazazi.

Halmashauri ilikuwa na mpango wa vijana walioacha shule, wale wanaoshinda Tunduma kwenye foleni ya malori wakiuza maji na mayai ya kuchemsha, na wengine wakivusha mizigo ya magendo kwa vichochoro vya kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Vijana hao walifundishwa ushonaji, uchomeleaji na ufundi wa pikipiki. Hilo Deus alilielewa vizuri, maana cherehani unaiona na mlango wa chuma unaugusa. Asilolielewa ni kwa nini fedha hizo hizo zilipie pia kuwakusanya wazazi wao kila wiki, wakae kwenye mabenchi, waongee.

Asubuhi baada ya karatasi hizo kurudishwa, Restuta aliingia ofisini kwake. Alikuwa afisa ustawi wa jamii, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, sauti yake ya chini kiasi kwamba ukitaka kumsikia sharti uache unachofanya. Deus alijiandaa kusikia malalamiko. Hayakuja.

"Umekata vikao vya wazazi," alisema Restuta.

"Nimekata, dada yangu. Wenye shida ni vijana. Wazazi wa nini?"

"Umewahi kwenda kwenye nyumba hata moja?"

Deus akacheka kidogo. "Nikienda utanipeleka kwa mtu aliyefanikiwa. Nitapewa soda, nitaonyeshwa kijana amevaa ovaroli mpya, nitarudi. Nawajua nyie."

Restuta akafungua mkoba, akatoa daftari kubwa la mahudhurio ya wazazi na kulisukuma juu ya meza. "Basi chagua wewe."

Deus alilifunua katikati, akateremsha kidole bila kuangalia, kikatua kwenye jina. Teresia, mtaa wa Sogea. Mahudhurio yake yalikuwa yamejaa, hakukosa wiki hata moja. Alipoinua macho alimwona Restuta amenyamaza, anaitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vipi?"

"Hakuna kitu," alisema Restuta. "Twende."

Pikipiki ya idara ilikuwa haina mafuta, hivyo walienda kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na tope la Sogea lilimvua Deus kiatu mara mbili. Restuta alikuwa amevaa mabuti ya mvua, akitembea kama mtu anayepita sebuleni kwake. Kila hatua kadhaa alisimama. Alimuuliza muuza vocha kama mtoto wake ameacha kukohoa. Alimwita kijana wa bodaboda kwa jina, akamkumbusha kuwa Jumatano kuna mtihani wa nadharia ya injini, kijana akajibu, "Nipo, mama, siwezi kukosa." Deus, aliyekuwa na miaka sita Tunduma, aligundua kwamba njia nzima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyemsalimu yeye.

Teresia walimkuta barazani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Ibaba huko milimani Ileje, aliyekuja kuolewa mjini na kubaki mjane. Aliwakaribisha, akafuta viti kwa ncha ya kitenge, akasema, "Mtanisamehe wageni wangu, saa nane kuna simu naisubiri. Ikiita nitaipokea."

"Bila shaka, Mama Brenda," alisema Restuta.

Deus akatazama huku na huku. "Na Brenda mwenyewe yuko wapi? Yuko kozi gani?"

Teresia hakuacha kuchambua.

"Brenda hayuko kozi yoyote, baba. Yuko Nakonde, anaosha vyombo kwenye mgahawa. Ana miaka kumi na saba."

Akasimulia bila kuficha. Brenda aliacha shule kidato cha pili na kuanza kushinda kwenye malori. Siku moja Teresia alimfuata huko huko na fimbo, akamchapa mbele ya madereva na wauza mayai wenzake, watu wakacheka. Jioni ile ile binti alivuka mpaka. Restuta alifika nyumbani hapo wiki mbili baadaye na fomu ya ushonaji mkononi, akakuta kitanda kitupu.

"Mwaka mmoja na miezi mitatu sasa," alisema Teresia.

Deus alimgeukia Restuta, lakini Restuta alikuwa akimsaidia mwenye nyumba kutoa vijiwe kwenye maharage. Ikabidi aulize tu, maana ndilo lililomleta.

"Samahani, mama. Mtoto hayupo. Sasa kwenye hivyo vikao unaenda kufanya nini?"

Teresia alifungua mdomo kujibu, simu ikaita. Saa nane kamili ya Tunduma, saa saba kule Nakonde, walaji wa mchana wakiwa bado hawajajaa. Aliinuka akaegemea nguzo ya baraza.

"Haloo, mwanangu… Umeshindaje? … Na kile kidonda cha goti? … Eeh. Kioshe kwa maji ya chumvi." Akacheka. "Ati bamayo! Hata 'mama' umeisahau? Umekuwa Mzambia kabisa wewe." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekamata kitenge kwa nguvu, umekunja ngumi. "Hapana, sikuulizi hilo. Utaniambia ukitaka… Haya. Kesho."

Simu ilipokatika alibaki ameegemea nguzo, akihema kama aliyetua gunia.

"Kila siku nataka kumwambia rudi," alisema. "Kila siku. Linafika hapa kooni, nalimeza. Zamani nilikuwa silimezi. Alipiga mara moja, nikamfokea, nikamwita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele yako, akakata. Alikaa miezi mitano bila kupiga. Miezi mitano sijui mwanangu yu hai au amekufa. Nikaenda kikaoni nikalia mbele za watu. Dada Restuta hakunilaumu. Alikaa na mimi, akawa yeye ndiye Brenda na mimi mama. Nikimfokea ananiambia, 'Nimekata simu.' Naanza tena. Tulifanya hivyo wiki nyingi mpaka nikajua kuongea na mtoto wangu. Ndipo nikatuma ujumbe, na sasa anapiga mwenyewe." Akarudi kwenye ungo wake. "Hicho ndicho ninachoenda kufanya."

Deus aliinuka, akaaga.

Walirudi mpaka walipofika barabara ya lami. Hapo Deus alishindwa kuvumilia.

"Ulijua. Kidole kilipotua ulijua kwamba huyo binti hajarudi. Kwa nini usiniambie nichague mwingine?"

"Ningekuambia, ungeniamini kwa huyo mwingine?"

"Lakini umehatarisha mpango wako wote!"

"Si wangu," alisema Restuta, akikung'uta tope kwenye buti. "Na wewe ulitaka ukweli. Nyumba kama hizo ziko kumi na moja. Zote zimo kwenye ripoti."

Jioni Deus alitafuta ripoti ile kwenye kabati. Alikuwa amesaini kwamba ameisoma, na kweli alikuwa amesoma ukurasa wa mwisho, wa majumlisho. Sasa alisoma kuanzia mwanzo. Kwenye jina la Teresia palikuwa na maneno matatu kwa mwandiko wa Restuta: *Hajarudi. Mama anaendelea.* Hakukuwa na kupamba. Katika miaka yake yote ya kusoma ripoti hakukumbuka kukutana na afisa aliyeandika kushindwa kwake waziwazi hivyo na bado akaamka kesho yake kuendelea na kazi.

Ukomo wa bajeti haukusogea, kwa hiyo ilibidi kitu kingine kikatwe. Deus alikata semina ya idara yake mwenyewe, ile ya siku tatu hotelini, ambayo wenzake waliisubiri mwaka mzima. Wiki ile alikunywa chai peke yake.

Kwenye kamati ya fedha mwenyekiti alikuwa Osward, diwani mwenye sauti nzito, naye alishangaa wazi.

"Bwana Mipango, wewe leo unatetea? Haya, tuambie, hao wazazi wamerudisha watoto wote?"

"Hapana, mheshimiwa," alijibu Deus. "Kuna nyumba kumi na moja watoto hawajarudi." Minong'ono ikaanza, akaipandishia sauti. "Nilienda kwenye mojawapo. Nimekuta mama ambaye mtoto wake akiamua kurudi, atakuta mlango unaingilika. Cherehani tunazo. Ila sijui cherehani ya kufanya hilo."

Walibishana karibu saa nzima. Mwishowe vikao vya wazazi vilibaki, ingawa fungu lilipunguzwa. Restuta alipopewa habari alisema asante, akahamishia vikao kwenye ukumbi wa kanisa ambako hawakudai kodi, na wiki haikupita bila kikao.

Brenda alikuja mwezi wa tano. Alilala siku mbili, akarudi Nakonde. Deus alipoambiwa na Restuta kwenye korido alisononeka, lakini Restuta alikuwa akitabasamu. "Aliuliza kozi ya ushonaji inaanza lini."

Julai, upepo wa baridi ukivumisha vumbi mji mzima, binti alivuka mpaka na begi lake na kuandikishwa. Agosti alitoweka siku kumi. Akarudi mwenyewe, hakuna aliyemfuata.

Halafu siku moja majirani walimpigia Restuta simu: aje haraka, kwa Teresia hakukaliki, mama na mtoto wanapigiana kelele mtaa mzima unasikia. Restuta alikimbia kutoka ofisini na mabuti yake. Kesho yake Deus alimsubiri mlangoni, wasiwasi umemjaa.

"Enhe? Umekuta nini?"

"Nimekuta wanakula," alisema Restuta. "Kila mmoja amenuna, hakuna anayemtazama mwenzake. Lakini sahani ni moja."