Apolinaria Bado Anaita

Tangu wafungue lile jumba la kumbukumbu za Rais mstaafu pale Isevya mjini, mke wangu amerudi kuimba nyuma ya jiko. Jua likiwa kali, mimi napukuchua mahindi, namsikia: "Zahanati itajengwa wapi?" Halafu kimya. Halafu anaanza tena.

Apolinaria wangu alishakufa. Alipozidiwa na ugonjwa nilimfunga kwenye baiskeli kwa kitenge chake mwenyewe nimpeleke mjini, kwa sababu kijijini kwetu, huku nyuma ya Kwihara, zahanati ilikuwa msingi tu, na mbuzi juu yake. Tulipofika Kwihara alikuwa ameacha kunijibu. Wakubwa wana magari. Sisi tuna msingi.

Jirani yangu Fikiri ndiye aliyenifumbua macho. "Alois, shemeji yuko kwenye spika kule mjini. Wanampiga kutwa nzima."

"Shemeji gani?"

"Apolinaria! Ule wimbo wa Kaliua."

Wakati wa kampeni walitupakia kwenye lori kama marobota ya tumbaku, tukamwimbie mgombea, huyu huyu Rais mstaafu wa leo, stesheni ya Kaliua. Mke wangu ndiye mwimbishaji. Yeye anaita, "Zahanati itajengwa wapi?" sisi tunaitika, "Hapa, hapa kwetu!" Mgombea alicheza mpaka kofia ikamdondoka. Na hiyo kofia wameihifadhi, ndani ya kioo.

Nikaenda kwenye lile jumba. Binti wa mapokezi, Najiat, akaniamkia shikamoo, akanitembeza: viatu vya kampeni, mabango, kipaza sauti, kiti alichokalia mheshimiwa. Vyote vimepanguswa vinang'aa. Mara spika ikakoroma, na Apolinaria akaita. "Zahanati itajengwa wapi?" Kabla hatujaitika, sauti ya mheshimiwa ikaingia: "Ndugu wananchi..."

"Sisi mmetuweka wapi?" nikauliza.

"Nyinyi akina nani, baba?"

"Waitikiaji."

Akaona haya. "Wakubwa walikata hapo. Walisema mnafunika hotuba."

Kwetu mwimbishaji haachwi hivyo. Akiita asiitikiwe, hatoki uwanjani. Atarudia mpaka koo lipasuke. Hawa walimnyima zahanati akiwa hai, sasa wanamnyima hata kupumzika.

"Zima, mwanangu."

"Siruhusiwi, baba. Ni mali ya makumbusho."

"Mke wangu?"

Wageni wawili wenye tai walikuwa wakiipiga picha ile kofia. Spika ikakoroma tena. Apolinaria akaita, nami nikaitika kwa koo langu lote la kizee: "Hapa! Hapa kwetu!"

Mgeni mmoja akacheka. "Mzee, kampeni zilikwisha!"

"Zilikwisha kwako."

Wimbo ulipozunguka tena nikaitika tena. Safari hii Najiat, macho yakiwa mlangoni, aliitika nami chini chini.

Nikarudi nyumbani, nikakaa nyuma ya jiko na mahindi yangu. Jua likawa kali. Hakuita. Kesho yake pia hakuita. Nilikuwa nimempumzisha, kama nilivyotaka, lakini ule ukimya ulinikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Kule Isevya bado wanaye kwenye spika. Mimi sinaye.

Jana nilitembea mpaka kwenye msingi. Nikasimama katikati, pale ambapo wangeweka kitanda cha wagonjwa, nikaita mwenyewe: "Zahanati itajengwa wapi?"

Mbuzi wakageuza vichwa. Nikasubiri mpaka jua likazama.