Kahawa ya Panya wa Cyiza

Daktari Cyiza alikuwa mtafiti wa mishipa midogo ya damu, ile myembamba kuliko unywele, na hakuacha kulitaja jambo hilo hata harusini. Mwili ukiumia, ndivyo alivyofundisha katika chuo kimoja cha Gisenyi, hutoa kemikali iitwayo adenosini. Ikishika kipokezi chake kwenye ukuta wa mshipa, chembe za ukuta hukazana, na majimaji ya damu hayavuji ovyo kuingia kwenye nyama.

Mvua za Aprili zilipotoboa paa la chumba cha wanyama, alihamishia vizimba vya panya wake weupe kwa mama yake, Mukankusi, mjane aliyerudi zamani kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo.

Siku za majaribio alichukua baadhi yao, akawadunga dawa inayoiga adenosini, kisha rangi ya buluu. Masikio yao akayapaka mafuta ya kuwasha. Kama dawa ingekaza mishipa, rangi isingevuja. Ikavuja. Masikio yakawa buluu kama shati la shule.

Mwingine angejiuliza amekosea wapi. Cyiza alijiuliza Wazungu walioandika habari za kipokezi hicho wamekosea wapi. Akavaa suti, akasimama mbele ya wenzake, akatangaza kwamba kipokezi kile hakina kazi yoyote. Wakampigia makofi. Mkuu wake, Profesa Kayitesi, aliuliza tu, "Panya wako una hakika nao?"

"Kama ninavyojiamini mwenyewe."

Jumamosi akaenda kuwachukua waliobaki. Alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, akimimina kitu cheusi kutoka kwenye chupa ya chai hadi kwenye vikopo vya vizimba.

"Mama, unawapa nini?"

"Kahawa. Na sukari kidogo."

"Kahawa!"

"Bon, we unaniletea wageni kwa hii baridi, mi niwape maji? Mbele walikuwa wanalala tu. Sasa angalia, wako na furaha!"

Cyiza akaketi juu ya gunia la viazi. Kafeini hukaa kwenye kipokezi kilekile cha adenosini na kukiziba. Dawa yake ilifika ikakuta nafasi imekaliwa. Somo hilo aliwafundisha wanafunzi kila mwaka.

Kayitesi aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. "Rudia," akasema. "Wengine maji, wengine kahawa. Mama yako amekufanyia jaribio ambalo hukulifikiria."

Akarudia. Waliokunywa maji, masikio yalibaki meupe. Waliokunywa kahawa, buluu tupu. Kipokezi kilikuwa na kazi, tena sasa ushahidi ulikuwa na nguvu kuliko mwanzo. Cyiza akasimama katika ukumbi uleule kukiri kosa lake. Safari hii viti vingi vilikuwa vitupu.

Akaenda kumshukuru mama yake. Mukankusi alisikiliza huku akifuta mikono kwenye kitenge.

"Donc kahawa yangu imesaidia?"

"Sana, mama."

"Na wale wa kwanza, wako wapi? Kulikuwa mumoja wa mukia mufupi, alinizoea. Utawarudisha lini?"

Cyiza, mtu wa kujibu hata asiloulizwa, akachagua jibu fupi. Panya huuawa kwanza, ndipo sikio likatwe kwa ajili ya hadubini; hakuna anayerudi nyumbani.

"Wako chuoni, mama."

"Wapelekee," akasema Mukankusi, akampa mfuko wa karoti alizokwisha kuziosha na kuzimenya.

Cyiza akaupokea kwa mikono miwili.