Mgonjwa Asiye na Mtu

Jaribio la kwanza la mazoezi nilifeli kwa sababu nilimngoja binti wa mgonjwa aje amwogeshe.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Hatem, mwanafunzi mwenzangu, kalazwa kitandani katika chumba cha mazoezi cha kituo chetu cha mafunzo pale Gabès, kusini mwa Tunisia, shuka kalivuta hadi kidevuni, anajifanya mzee wa Kijerumani aliyevunjika nyonga. Nilimpima presha, nikamhesabia mapigo, nikakagua dripu, nikamuuliza maumivu yako wapi na yana ukali gani. Yote kwa Kijerumani, na sikukosea. Kisha nikaweka beseni la maji ya moto na taulo kwenye meza ya kitanda, nikamwambia kwa upole kwamba sasa nakwenda kumwita binti yake. Nikatoka, nikasimama kwenye korido.

Bi Wassila, mwalimu wetu, alinifuata huko nje. Mwanamke huyu amefanya kazi Ujerumani hadi mvi zikamtoka, ndipo akarudi nyumbani kutufundisha sisi tunaotaka kwenda, na hana muda wa kumbembeleza mtu. Aliniuliza ninangoja nini. Nilipomwambia alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema kila mwaka nusu ya darasa husimama hapo hapo kwenye korido.

Mtu wa kwetu hataona kosa langu liko wapi. Hospitali za kwetu mgonjwa haji peke yake. Anakuja na binti, na mke wa mwanawe, na dada aliyefunga safari kutoka Kebili akiwa na mto wake wa kulalia. Hao ndio wanaomwogesha, wanamlisha, wanamgeuza, wanagombana na mlinzi getini kwa ajili ya sufuria ya supu. Nesi anachoma sindano, anafunga kidonda, anatundika dripu. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi wodi ya wanaume na sijawahi kumwogesha mgonjwa hata mmoja. Ningejaribu, mabinti wangedhani nawatukana.

"Huyo unayemhudumia hana mtu," Bi Wassila aliniambia. "Liweke hilo kichwani. Ameletwa na gari la wagonjwa, na mpaka anatoka hakuna atakayembishia hodi. Ukimwacha na jasho lake akimngoja binti, huko wewe si nesi."

Leseni yangu ya Tunisia huko ni karatasi tu. Ili waitambue ilikuwa lazima nifaulu mtihani wa vitendo mbele ya msimamizi anayetoka Ujerumani, naye alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Nimwogeshe mgonjwa kitandani mwanzo hadi mwisho, na huku nimhoji. Swali moja halikwepeki: tukitaka kumjulisha mtu habari zako, tumwite nani? Mgonjwa wa mtihani siku zote hujibu kwamba hana mtu. Hapo nesi hatakiwi kunyamaza wala kumlilia. Anatakiwa aseme, "Basi leo niko mimi," kisha aendelee na kazi. Bi Wassila alitukaririsha sentensi hiyo asubuhi na jioni.

Ukifeli, unangoja mwaka mwingine, na mimi mwaka mwingine sikuwa nao. Wenzangu niliosoma nao chuo wote wameondoka. Kikundi chetu cha simu kimejaa picha za theluji, na wodini nimebaki na wasichana wanaoniita shangazi. Nilitaka kwenda, na sioni haya kulisema. Nikifaulu nitaondoka kabla ya kiangazi, na baba atabaki peke yake ndani ya nyumba. Hilo la pili mimi na yeye tulikuwa hatulitaji.

Baba yangu, mzee Laroussi, aliendesha treni ya kubeba madini ya fosfeti mpaka alipostaafu. Ni mgane. Kaka yangu Anis yuko Kanada, tunamwona kwenye simu, na kila tukimwona amevaa koti, yuko njiani kwenda mahali. Majirani tuliochangia nao ukuta wamehamia Ufaransa wakatuachia paka wao. Kwa hiyo habari ya kufeli kwangu nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumsimulia, naye alicheka kumpita Bi Wassila.

"Miaka yote hiyo ya chuo," alisema, "na kumwosha mtu mgongo hujui?"

Nikamwambia kuosha najua. Ninachoshindwa ni kuosha nikitazamwa, kwa utaratibu wao: uso kwanza bila sabuni, kisha mkono wa mbali kabla ya wa karibu, na mwili wote umefunikwa isipokuwa pale unapooshwa. Na nyumbani sina mtu wa kumfanyia mazoezi. Nilisema hivyo kwa kulalamika tu. Yeye akaweka uma wa makaroni chini akasema, "Mimi si mtu?"

Nilikataa. Anayewajua baba za kwetu atanielewa. Sijapata kumwona baba yangu bila shati tangu nilipoanza shule. Kila Ijumaa huenda hamamu, bafu la mvuke la umma, huko husuguana migongo na wanaume wenzake, na akirudi nyumbani vifungo vimeshafungwa hadi shingoni. Nilimwambia ni aibu. Akanijibu kwamba aibu ni kumsomesha binti halafu akaangushwa na beseni la maji. Wallahi, nikakubali.

Basi kesho yake alasiri alijilaza kwenye sofa la sebuleni, shuka la hamamu kiunoni, fulana kavaa, macho kayaelekeza darini kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Siku ile niliosha uso na mikono tu, na kitambaa kiliniponyoka mara mbili, mimi ninayeitwa na madaktari kutafuta mshipa usioonekana. Baada ya siku chache fulana ilivuliwa. Taratibu tukazoea, na baba akaanza kuigiza.

Alijipa jina, Bwana Schulze. Bwana Schulze alikuwa mkorofi. Maji ya moto mno, maji ya baridi mno, mto umekaa upande, na kahawa ya hospitali hii nani kaipika, mfua nguo? Alikuwa na maneno ya Kijerumani aliyoyaokota akinisikiliza nikikariri chumbani, akayachanganya na Kiarabu chetu na kunipigia kengele isiyokuwepo. Nilicheka hadi nikamwaga maji kwenye zulia la mama. Nyumba yetu ilikuwa haijasikia kelele za namna ile tangu tulipomzika.

Kulikuwa na sehemu moja tu aliyokuwa akiiharibu. Nikifika kwenye swali la tumwite nani, alijibu hapo hapo, "Mwiteni binti yangu Sondes. Ni nesi, yuko hapa hapa Gabès."

"Baba, Schulze hana binti."

"Basi hana bahati huyo Schulze."

"Baba."

"Haya, haya. Nimesahau."

Kesho yake alisahau tena. Nikakasirika. Nilimwambia mtihani wangu si mchezo, kwamba akinijibu hivyo ile sentensi yangu inakosa mahali pa kukaa, na nisipoizoea ulimi utaniganda mbele ya msimamizi. Alisema amenielewa vizuri sana. Tulipofanya mazoezi tena, akasema mwiteni binti yangu.

Mtihani ulipokuwa keshokutwa, nilimlaza ubavu kumwosha mgongo wote, nikalegeza shuka kidogo kama inavyotakiwa, jambo ambalo siku zote nilikuwa naliruka kwa haya. Nikaiona nyonga yake. Alama pana, katikati zambarau, kingo zimeshaanza kuwa manjano. Ikishafika manjano, si ya jana. Nilisimama na kitambaa mkononi, maji yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Nilimuuliza hiki ni nini. Akajibu kwa sauti ya Schulze kwamba hakumbuki. Nikamwambia namuuliza baba yangu, simuulizi Schulze. Akaugeuzia uso sofa, akasema aliteleza uani nikiwa kazini, alipokuwa anamwekea paka maji. Alikaa chini kidogo mpaka miguu ikakubali. Kidogo ilikuwa kiasi gani, hakusema. Niliona yote: ua, jua la saa saba, yeye chini kwenye vigae, simu iko ndani, na ng'ambo ya ukuta nyumba imefungwa. Ilikuwa wiki ile ile tuliyokuwa tunacheka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia ungefanya nini?" alisema. "Ungeacha kwenda."

Nilimbonyeza mfupa, nikamkunja goti na kulinyoosha, na hakukuwa na kilichovunjika. Nikamfunika. Nilitaka kumgombeza na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja, nikaamua kwenda kubadilisha maji. Jikoni nilifungua bomba, nikaliacha litiririke muda mrefu kuliko beseni linavyohitaji.

Niliporudi nilisema tuishie hapo kwa leo. Akakataa, tumalize, mtihani ni keshokutwa. Basi nikaendelea kama tunavyofundishwa. Nikamwosha mgongo, nikaukausha kwa kuugusagusa tu, na nikauliza kwa Kijerumani tukitaka kumjulisha mtu habari zako, tumwite nani.

"Hakuna," baba alisema. Alilisema kwa Kijerumani, polepole, kila herufi mahali pake. "Mimi sina mtu."

Ndilo jibu nililokuwa nikimdai siku zote hizo. Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilifungua mdomo, na sentensi ilikuwepo, naijua hata usingizini. Lakini mgeni unaweza kumwambia leo niko mimi, kwa sababu leo ni kweli na kesho atapangiwa nesi mwingine. Baba yangu hana nesi mwingine wa kupangiwa. Sikuisema. Nilimvalisha fulana, nikamsaidia kuketi, naye akanipigapiga mkono akasema nimeruka sehemu. Nikamwambia ndiyo, nimesahau.

Siku ya mtihani madirisha ya kituo yalifungwa kwa sababu upepo ulikuwa unaleta harufu ya kiwanda cha fosfeti. Msimamizi, Bi Gudrun, alikaa pembeni, miwani kaishusha kwenye ncha ya pua. Mgonjwa alikuwa mzee wa Kijerumani wa kweli, mmoja wa wale waliohamia kisiwa cha Djerba kuota jua la uzeeni, aliyejitolea kutusaidia. Nikamwosha uso bila sabuni. Nikamwosha mkono wa mbali, kisha wa karibu. Nikamuuliza tumwite nani. Akajibu hana mtu, na nilivyomtazama sidhani kama alikuwa anaigiza.

"Basi leo niko mimi," nikasema.

Ilitoka bila kukwama. Nilimgeuza, nikamwosha mgongo, nikamfunika, na kitambaa hakikuniponyoka hata mara moja. Nilijichukia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Mwishoni Bi Gudrun alinipa mkono, akasema namna ninavyomgusa mgonjwa inaonyesha nimefundishwa na mtu mwenye subira. Bi Wassila alidhani ni yeye, akatabasamu hadi masikioni, nami nikamwachia sifa hiyo.

Nilitembea hadi nyumbani badala ya kupanda teksi. Sikuwa na haraka ya kutoa habari ile. Nilidhani nitamkuta baba ameketi barazani ananingoja, lakini alikuwa sebuleni, kalala kwenye sofa, shuka kiunoni, beseni limejaa maji na taulo zimekunjwa kama ninavyozikunja mimi. Nikamwambia nimefaulu. Akasema Alhamdulillahi, akafumba macho, akayafumbua, akasema tena Alhamdulillahi. Nikamwambia mazoezi yamekwisha, anaweza kuvaa nguo zake asije akapata mafua.

"Yako ndiyo yamekwisha," alisema. "Niulize lile swali."

"Lipi, baba?"

"Unalijua. Ila leo uliza kwa Kiarabu."

Nikakaa kwenye ukingo wa sofa. Nikachovya kitambaa, nikakikamua. Maji yalikuwa yameshapoa, sijui alikuwa amelala pale tangu saa ngapi. Nikamuuliza, kwa lugha yetu, tukitaka kumjulisha mtu habari zako, tumwite nani.

"Nina binti," baba alisema, akitazama dari. "Ni nesi, yuko Ujerumani. Lakini msimpigie, yuko kazini."

Kisha akanigeukia kuona kama amejibu sawasawa. Nikamwambia amejibu sawasawa.