Jogoo wa Matanga

Wakubwa wetu hapa Isevya hawajui hata kuhesabu nyumba yangu. Juzi alikuja Najiat, binti wa ofisi ya mtaa, kuhakiki idadi ya watu na uhalifu.

"Shikamoo, babu. Hapa mko wawili?"

"Marahaba. Niko peke yangu. Mke wangu Batuli mlikuja kumzika wenyewe mwaka jana, mkala na pilau."

Akaona haya, akamfuta daftarini. "Na wizi mmoja. Twalibu aliiba jogoo wako siku ya matanga."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Twalibu ni mtani wangu, na kwa mila ya utani, mtani akibeba jogoo msibani anakufariji kwa mzaha. Mtendaji wa mtaa, mgeni wa mila zetu, alimwona akikimbia na jogoo, akamwandika mwizi. Kumbe ndiyo maana amenyimwa kazi ya ulinzi sokoni mwaka mzima!

"Basi nifute, babu?"

Twalibu alikuwa kibarazani kwake, ametega sikio. Nikapaza sauti: "Kwanza aombe radhi!"

"Radhi ya nini? Jogoo mwenyewe mgumu kama wewe! Batuli angemchemsha siku mbili!"

Kweli, angemchemsha siku mbili.

"Futa, binti," nikasema. "Mhalifu wa mtaa huu ni kalamu yenu."